Sura ya Nne: Shimo Lifunguliwe

Wanaakiolojia wakianza kuchimba karibu na kijiji cha pwani ya kusini mwa Tanzania, swali moja hutangulia mengine yote: mmeipata? Muulizaji hana haja ya kusema ni nini. Kwa miaka mingi watu wameamini kwamba Wajerumani, waliposhindwa vita na kuondoka, waliacha mali ardhini: masanduku ya rupia na dhahabu, yamefichwa chini ya miti mikubwa, makaburi na majengo ya kale. Imani hiyo imeyagharimu magofu. Sakafu zilizodumu mamia ya miaka zimevunjwa kwa sururu usiku mmoja, na aliyezivunja akarudi nyumbani mikono mitupu.

Sasa mtazame mgeni anavyofika. Ana ramani. Ana kamba, futi na mwiko wa mwashi. Anapima mraba, anachimba polepole, anazungushia utepe, usiku anaweka mlinzi. Jioni vitu vinafungwa kwenye mifuko na kupakiwa garini. Kila afanyalo linathibitisha kile ambacho kijiji kilikwisha kukishuku. Barua ya kibali kutoka wizarani haiondoi shaka hiyo, wala maneno ya mwenyekiti wa kijiji. Kinachoiondoa ni jambo moja: watu waje, wasimame ukingoni mwa shimo, waone kilichomo.

Siku ya namna hiyo ndiyo habari ya sura hii: siku ambayo uchimbaji, gofu au makumbusho hufungua milango na kuwapokea watu wa karibu, si kama watalii, bali kama wenye haki ya kuuliza na kujibiwa. Ninashikilia kwamba siku hiyo ni sehemu ya akiolojia yenyewe, sawa na kupima na kuchora. Uchimbaji usioonwa na wenyeji ni kazi iliyoachwa nusu. Na gofu ambalo wenyeji hawajui habari zake litaanguka, hata likizungushiwa uzio na kuwekewa mabango.

Kilichomo shimoni

Mtu akiinama kwa mara ya kwanza kutazama shimo la wanaakiolojia, huona udongo tu. Inabidi mtu amwonyeshe, tena kwa kidole. Tazama ukuta wa shimo, siyo sakafu yake. Juu kabisa kuna udongo mweusi wenye mizizi ya nyasi. Chini yake kuna mawe ya matumbawe yaliyolala ovyo, yamechanganyika na vipande vya lipu: hapo ukuta ulianguka. Kisha unapita mstari mweupe ulionyooka, mwembamba kama kidole. Hiyo ni sakafu ya chokaa. Kila kilichokutwa juu ya mstari huo ni cha watu walioishi humo au waliokuja baada yao. Kila kilichokutwa chini yake kilikuwapo kabla nyumba haijajengwa.

Mtu akiuona mstari huo, anaelewa kwa nini mchimbaji hutumia mwiko mdogo na brashi badala ya jembe. Kigae kimoja, kikiwa mkononi, kinasema machache. Kigae hicho kikijulikana kilitoka chini ya sakafu, kando ya mkaa wa jiko, pamoja na miiba ya samaki, kinaweza kutueleza nyumba ilijengwa lini na wapishi wake walipika nini. Anayechimba usiku kutafuta rupia haibi kitu peke yake. Anafuta mstari, na hakuna mtaalamu wa kuurudisha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la mji wa kale ni matabaka ya udongo wake.

Pembeni mwa shimo huwekwa meza, na hapo ndipo watu hukaa muda mrefu zaidi. Kwenye meza hakuna dhahabu. Kuna vigae vya vyungu vyeusi vilivyochorwa pembetatu shingoni, vya aina iliyotumika kuanzia karibu karne ya 7 hadi ya 10 katika eneo kubwa mno la pwani, kutoka kaskazini mwa Kenya hadi Msumbiji. Kuna vipande vya kaure ya kijani kutoka China na vya bakuli za Uajemi zenye rangi ya samawati. Kuna shanga ndogo za kioo ambazo hupatikana tu kwa kuchekecha udongo ndoo kwa ndoo. Na mara nyingi kuna kitu ambacho hakuna anayekitambua mpaka aambiwe: kigae kilichosuguliwa kikawa mviringo kama sarafu kubwa, kikatobolewa katikati. Kinachomekwa kwenye kijiti, kijiti kinazungushwa, na uzito wake unasaidia kusokota pamba kuwa uzi. Kilwa vilipatikana vingi. Watu wamezoea kusikia kwamba miji hii ilinunua nguo kutoka ng'ambo. Kigae kile kinawaambia kwamba ilisokota na kufuma yenyewe, na kwamba chungu kilichovunjika hakikutupwa.

Nyumba za mawe na nyumba za kukandika

Historia ya miji ya Waswahili iliandikwa kwanza na watu waliotazama mawe. James Kirkman alianza kuchimba Gede, karibu na Malindi, mwaka 1948. Neville Chittick alichimba Kilwa Kisiwani kwa misimu kadhaa, na mwaka 1974 taasisi ya Waingereza jijini Nairobi ikachapisha matokeo yake katika majuzuu mawili makubwa, kwa Kiingereza. Kazi zao zilikuwa za uangalifu mkubwa na bado zinasomwa. Lakini katika macho yao miji ile ilikuwa ya wageni kutoka Uarabuni na Uajemi waliotua pwani ya Afrika na kujenga kama kwao. Mtoto wa Kilwa aliyesoma historia hiyo shuleni aliambiwa, bila mtu kutamka wazi, kwamba magofu yaliyo nyuma ya nyumba yao hayamhusu.

Shanga, katika kisiwa cha Pate, iliibadili habari hiyo. Mark Horton alichimba hapo kati ya mwaka 1980 na 1988. Chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe alikuta msikiti mwingine, na chini ya huo mwingine, mfululizo unaorudi nyuma hadi karne ya 8, ambapo msikiti wa kwanza ulikuwa mdogo na wa miti. Miti na nguzo zake hazikusalia. Kilichosalia ni madoa ya duara kwenye udongo, kila doa ni shimo la nguzo. Mji ulianza kwa miti na udongo, ukakua mahali pale pale, ukaja kuwa wa mawe. Wakati huo huo wanaakiolojia wa Afrika Mashariki wenyewe, akina Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, George Abungu na Chapurukha Kusimba wa Kenya, walikuwa wakifuatilia vyungu, chuma na vijiji vya bara, na kuonyesha jinsi miji ya pwani ilivyofungamana na jirani zake wa nchi kavu.

Songo Mnara ilitoa somo la karibu zaidi na maisha ya watu wa leo. Mji huu ulijengwa kusini mwa Kilwa Kisiwani mwishoni mwa karne ya 14 na kuhamwa katika karne ya 16. Nyumba zake za mawe zimesimama vizuri kuliko karibu mji mwingine wowote wa wakati wake, na katikati yake kuna uwanja mpana uliodhaniwa kuwa mtupu. Kuanzia mwaka 2009, Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones waliuchunguza uwanja huo kwa vipimo vya sumaku ya ardhi, kisha wakachimba. Walikuta nyumba za udongo. Kandiko lilikuwa limeporomoka likawa udongo tena, na ni vipimo vilivyoonyesha mahali kuta zilipokuwa.

Hapa ndipo siku ya hadhara hufanya kazi ambayo kitabu hakiwezi. Mzee aliyekandika nyumba yake kwa mikono yake hahitaji kueleweshwa kandiko ni nini. Ukimpa bonge la udongo uliokauka kwa moto, lenye alama za fito upande mmoja na alama za vidole upande wa pili, yeye ndiye atakayekueleza: udongo ulichanganywa vipi, fito zilifungwa kwa kamba gani, ukuta ulihitaji kukandikwa upya baada ya masika mangapi. Mtaalamu anauliza, mwenyeji anajibu, na maelezo yanaingia kwenye daftari la utafiti. Na mtoto anayesikiliza anagundua kwamba nyumba kama ya kwao ilikuwamo ndani ya mji ule maarufu, tangu mwanzo wake.

Hata nyumba za mawe hueleweka upya mwenyeji akialikwa ndani. Wageni hushangaa jinsi vyumba vilivyo vyembamba: virefu, lakini upana wake ni hatua chache tu. Fundi wa Lamu au Kilwa hashangai. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri ina urefu wa mita mbili na nusu au tatu hivi. Mti wa mkoko ndio ulioamua upana wa chumba cha tajiri.

Kilwa ilivyonusurika

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akaisifu kuwa miongoni mwa miji mizuri. Aliyetawala wakati huo, al-Hasan bin Sulaiman, ndiye anayehusishwa na jumba la Husuni Kubwa lenye birika la pembe nane juu ya jabali la bahari, na upanuzi mkubwa wa Msikiti Mkuu pia ni wa karne hiyo. Mwaka 1981 UNESCO iliingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na ya Songo Mnara katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 ikayaweka pia katika orodha ya urithi ulio hatarini. Bahari ilikuwa inakula ufukwe chini ya misingi ya majengo, mizizi ilikuwa inapasua kuta, na mvua iliingia mahali ambapo paa na lipu vilikwisha kuondoka.

Mwaka 2014 Kilwa na Songo Mnara ziliondolewa katika orodha ya hatari. Fedha za wafadhili zilisaidia, na wataalamu wa Idara ya Mambo ya Kale walifanya kazi kubwa. Lakini mawe yalipandishwa na mikono ya watu wa visiwani. Walijifunza upya kujenga kwa chokaa, kwa sababu saruji huharibu ukuta wa matumbawe: ni ngumu mno, hufungia unyevu ndani, na jiwe humomonyoka pembeni mwake. Mawe ya chokaa yalichomwa juu ya tanuri la magogo, yakazimwa kwa maji, yakaachwa yapoe na kulainika. Ufukweni vilipangwa vizimba vya waya vilivyojazwa mawe, na mikoko ikapandwa ili ishike udongo. Kamati za magofu za vijijini zikawa jicho la kila siku, kwani mkaguzi wa kutoka Dar es Salaam hawezi kuuona ufa siku unapoanza.

Mtu aliyezima chokaa kwa ajili ya ukuta fulani haruhusu mwanawe aupande akichunga mbuzi. Huo ndio ulinzi unaodumu, na hauwezi kununuliwa kwa mshahara wa askari mmoja. Unajengwa kwa watu kushiriki, kuona na kuelezwa.

Kilwa ina hadithi yake pia, nayo inastahili nafasi siku ya hadhara. Husimuliwa kwamba mgeni wa Kishirazi alikinunua kisiwa kwa nguo, nguo za kutosha kukizunguka chote. Uchimbaji unaonyesha watu walikuwa wakiishi hapo tangu karibu karne ya 9, wakivua na kufinyanga. Mwanaakiolojia mwenye busara hasimami mbele ya wazee kutangaza kwamba hadithi yao ni ya uongo. Hadithi yenyewe inakiri kwamba kisiwa kilikuwa na mwenyewe kabla ya mgeni kufika. Kigae kinasema hivyo hivyo. Na inaweka nguo katikati ya mapatano, mahali ambapo vigae vya kusokotea uzi vinaiunga mkono kwa namna yake. Vikiwekwa pamoja, masimulizi na udongo hutoa mazungumzo ambayo kimoja peke yake kisingeyatoa.

Makaburi yana wenyewe

Kuna jambo ambalo siku ya hadhara ikilikosea, yote yaliyotangulia huharibika. Mengi ya magofu ya pwani bado ni mahali pa ibada. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja, una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na hadi leo watu wanasali ndani yake. Makaburi ya kale huzuriwa, huombewa dua na kuwekewa ubani. Huko Songo Mnara wachunguzi walikuta sarafu na vijiwe vyeupe vilivyoachwa kando ya makaburi na watu waliozuru karne nyingi zilizopita. Anayezuru leo anaendeleza jambo la zamani, hivyo apewe nafasi kabla ya mwenye kamera.

Kusimba alilizingatia hilo Mtwapa, katika kaunti ya Kilifi. Alikuwa amefanya kazi na wenyeji kwa miaka mingi kabla hawajamkubalia kufukua makaburi, na makubaliano yalikuwa kwamba kufukua, kuchukua sampuli na kuzika tena vimalizike katika msimu mmoja, kwa heshima ya desturi ya Kiislamu. Sampuli hizo zilikuwa sehemu ya utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, uliochunguza mabaki ya watu 80 walioishi kati ya mwaka 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania. Matokeo yalionyesha kwamba kwa upande wa kina mama asili ya wengi ilikuwa ya Kiafrika, na kwa upande wa kina baba sehemu kubwa ilitoka Asia, hasa Uajemi, na kwamba mchanganyiko huo ulikwisha kuanza kufikia karibu mwaka 1000.

Matokeo kama hayo hayafai kumfikia mtu kwa kichwa cha habari kwenye simu. Yanagusa majina ya koo, ndoa, na jinsi jirani anavyomtazama jirani. Yanahitaji baraza: mtaalamu akae, aeleze kwa Kiswahili kilichonyooka ni nini kinasaba kinaweza kusema na ni nini hakiwezi, aulizwe maswali magumu na mwalimu wa madrasa, na bibi anayejua nasaba za mtaa, na kijana aliyechoka kuulizwa yeye ni nani hasa. Uswahili ni lugha, dini, mapishi, ujenzi na malezi, vilivyorithishwa na mama na baba wote. Hilo likielezwa barazani, likahojiwa hapo hapo, linakaa.

Siku yenyewe iwe vipi

Kalenda inatoa nafasi tatu zinazofuatana. Tarehe 18 Aprili ni siku ya kimataifa ya majengo na maeneo ya kihistoria. Tarehe 5 Mei ni Siku ya Urithi wa Dunia barani Afrika, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2015. Tarehe 18 Mei ni Siku ya Makumbusho Duniani. Tatizo ni kwamba miezi hiyo ni ya masika, na vijijini ni wakati wa shamba. Kwa hiyo kijiji kiulizwe siku inayokifaa, baada ya mavuno au wakati bahari haivuliki, hata kama haimo katika kalenda ya mtu mwingine.

Wazee waende kwanza, kabla ya watoto na kabla ya wageni rasmi. Kama ni mahali penye makaburi, dua isomwe. Hotuba ziwe fupi. Atakayeeleza shimo awe mtu wa kijiji aliyechimba humo. Amekwisha kujua kila tabaka, na wenzake watamuuliza maswali ambayo wangemwonea haya profesa. Wanafunzi wapewe chekeche na ndoo ya udongo ambao umekwisha kuandikwa, wachekeche wenyewe, waone shanga inavyojitokeza katikati ya changarawe. Mwanafunzi aliyeiona shanga kwa macho yake haisahau. Gede inathibitisha nguvu ya kitu kidogo: Kirkman alizipa nyumba zake majina ya vitu vilivyokutwa ndani, Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Simbi na nyinginezo, na hadi sasa wageni huzikumbuka kwa majina hayo. Mwaka 2024 mji huo nao uliingia katika Urithi wa Dunia.

Mafundi wapewe jukwaa sawa na wasomi. Bagamoyo, mradi ulioitwa Bahari Yetu, Urithi Wetu, ulioongozwa na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzake, ulifuatilia uchongaji wa ngalawa, na elimu hiyo ikawekwa katika wimbo uliotungwa na kuchezwa na wasanii wa hapo hapo Bagamoyo. Makala ya jarida la kisayansi husomwa na wachache. Wimbo unaingia jikoni, kwenye daladala na ufukweni, ukibeba elimu ile ile.

Mwisho, kitu kibaki. Mifuko ikienda maabara au makumbusho, kijiji kibaki na orodha ya vilivyochukuliwa, kwa Kiswahili, na jina la mahali vilipopelekwa. Mwaka unaofuata mtafiti arudi kueleza alichogundua, hata kama ni kidogo. Shule ya msingi iliyo karibu ipewe picha, michoro na kijitabu ambacho mwalimu anaweza kukifundishia. Hayo yote hayana gharama kubwa ukilinganisha na bajeti ya msimu mmoja wa uchimbaji. Yakikosekana, sababu huwa ni kwamba hayakuandikwa katika mpango tangu mwanzo.

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inataka anayechimba awe na kibali. Ni sharti jema. Naamini lingefaa kuambatana na jingine: anayepewa kibali cha kufungua ardhi ya kijiji aahidi kwa maandishi siku ya kuwaonyesha wenyeji, lugha atakayoandikia taarifa yao, na tarehe ya kurudi. Halmashauri zinaweza kuliweka sharti hilo hata leo, na kamati za vijiji zinaweza kulidai kabla ya jembe la kwanza kugusa udongo. Msomaji anayeishi karibu na gofu, na pwani hii tuko wengi, ana pa kuanzia: aende ofisi ya kata aulize nani alichimba hapo mara ya mwisho, alipata nini, na taarifa yake iko wapi.